Rhodes, Kisiwa cha Sanamu Isiyokuwapo

Mgeni anayefika katika bandari ya Mandraki, kisiwani Rhodes, huwa na swali moja kabla hajautua mzigo wake: ilisimama wapi? Madereva wa teksi huulizwa, wauza aiskrimu huulizwa, hata polisi aliyesimama kivulini huulizwa. Nao, kwa subira ya watu waliokwisha kulijibu swali hilo maelfu ya mara, hunyosha mkono kuelekea mlango wa bandari, ambako kulungu wawili wa shaba, dume na jike, wamewekwa juu ya nguzo mbili za mawe. Mgeni huwatazama kulungu, huitazama bahari iliyo kati yao, kisha hupiga picha ya mahali pasipo na kitu.

Kinachotafutwa ni sanamu ya Helios, mungu wa jua wa Wagiriki wa kale, iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Asili yake ilikuwa vita. Mwaka 305 K.K. mfalme Demetrius, ambaye babaye Antigonus alikuwa mmoja wa majemadari waliogombea urithi wa Alexander Mkuu, aliuhusuru mji wa Rhodes kwa jeshi kubwa na kwa mnara wa magurudumu uliosheheni mitambo ya kurushia mawe. Wenyeji walizishika kuta zao muda wa mwaka mzima, hata Demetrius akakubali kupatana nao na kwenda zake, akaiacha mitambo yake nyuma. Watu wa Rhodes wakaiuza. Kwa fedha hizo, ambazo Pliny, mwandishi wa Kirumi, anazitaja kuwa talanta 300, walimwagiza Chares, mzaliwa wa Lindos kisiwani humo humo, aijenge sanamu ya shukrani. Kazi ilichukua miaka 12, ikamalizika yapata mwaka 280 K.K., na kimo chake kilikuwa zaidi ya mita 30.

Yapata mwaka 226 K.K. ardhi ikatetemeka na sanamu ikavunjika magotini. Ptolemy wa Tatu wa Misri alijitolea kulipa gharama za kuisimamisha upya, lakini wenyeji, baada ya kupiga ramli kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, waliogopa kwamba wamemuudhi mungu wao, wakaiacha pale ilipoangukia. Pliny aliandika kwamba hata ikiwa chini ilikuwa ajabu, kwani ni watu wachache walioweza kukikumbatia kidole gumba chake. Katika karne ya saba majeshi ya Waarabu yalipokitwaa kisiwa, vipande vyake, kwa habari ya Theophanes, mwandishi wa tarehe za Byzantium, viliuzwa kwa mfanyabiashara aliyevipakia juu ya ngamia 900. Wataalamu wengi wanaitilia shaka idadi ya ngamia hao, na baadhi yao wanakitilia shaka kisa chote.

Hesabu yake ni hii: ajabu hiyo ilisimama miaka hamsini na kitu, ililala chini karibu miaka 900, na sasa imepita miaka zaidi ya 1,300 tangu hata vipande vyake vitoweke. Picha zile zinazouzwa madukani, zinazoonyesha jitu limetanua miguu juu ya mlango wa bandari na merikebu zikipita chini yake, ni ndoto za wasafiri wa karne nyingi baadaye. Kwa kazi hiyo bandari ingalilazimika kufungwa miaka 12, na mji uliokula kwa biashara ya bahari haungaliweza kuifunga hata miezi 12. Mahali hasa ilipokuwapo hapajulikani hadi leo. Wako wanaosema ni penye ngome ya Mtakatifu Nicholas, mwishoni mwa gati. Wako wanaosema ni juu zaidi, ndani ya mji.

Siandiki haya kwa kuwakejeli wenyeji. Watu wanaoweza kupata riziki kwa kitu kilichoanguka zaidi ya miaka 2,200 iliyopita wana akili yao, tena mimi mwenyewe nilinunua postikadi moja ya jitu lile na kumpelekea rafiki. Lakini tangu siku ile nilianza kuyachunguza macho ya wageni, na yangu yakiwamo, ili nione yanatua wapi na yanapita wapi bila kutua.

Basi na tuingie Mji Mkongwe. Kuta zake zina urefu wa kilomita 4 hivi, na chini yake lipo handaki pana, kavu, ambamo sasa watu hutembea jioni. Ndani yake mna vichochoro ambavyo msomaji aliyepata kutembea Mji Mkongwe wa Unguja hatapotea ndani yake, au tuseme atapotea kwa namna anayoijua. Mwaka 1988 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa haki. Waliozijenga kuta hizi kama zilivyo leo ni askari-watawa wa chama cha Mtakatifu Yohana, ambao baada ya kutolewa Palestina walikitwaa kisiwa kati ya mwaka 1306 na 1310, wakakitawala zaidi ya miaka 200. Walikuwa watu wa mataifa mbalimbali ya Ulaya, wakagawanywa kwa lugha zao. Kila lugha ilikuwa na nyumba yake kando ya barabara moja iliyonyoka, ya mawe matupu, ipandayo kutoka hospitali hadi kasri ya Mkuu wao. Hospitali hiyo, iliyomalizika mwaka 1489, ndiyo leo jumba la makumbusho, na ndimo alimo Aphrodite mdogo wa marumaru, amechutama akizianika nywele zake kwa mikono miwili. Ni mdogo kiasi kwamba watu hupita mbele yake wakitafuta kitu kikubwa zaidi.

Kikubwa zaidi ni hiyo kasri. Humo ndimo foleni inamoanzia asubuhi. Minara yake miwili ya mviringo, kumbi zake kubwa, ngazi zake zifaazo kupandwa na farasi, vyote humfanya mgeni anong'one kama yuko kanisani. Nami nilinong'ona. Kisha nilisoma tarehe. Mwaka 1856 radi ilipiga, ikawasha baruti iliyokuwa imehifadhiwa chini ya kanisa la Mtakatifu Yohana. Kanisa likaporomoka, watu wengi wakafa, na kasri, ambayo zamani hizo ilikuwa imegeuzwa gereza, ikaharibika vibaya mno. Jengo tunaloliona limejengwa, kwa sehemu yake kubwa, kati ya mwaka 1937 na 1940 na serikali ya Kifashisti ya Italia, iliyokuwa ikikitawala kisiwa tangu mwaka 1912. Lilikusudiwa kuwa makazi ya mapumziko ya Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu na ya Mussolini. Sakafu nzuri za vijiwe vya rangi, ambazo wageni huziinamia kwa kamera, zilichukuliwa kutoka kisiwa cha Kos. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mwaka 1930 alikuwa na umri mkubwa kuliko kumbi hizi za “zama za kati”. Namwomba msomaji aikumbuke miaka hiyo, 1937 hadi 1940, kwa kuwa tutairudia.

Utawala wa askari-watawa ulikwisha mwaka 1522. Sultani Suleiman aliuhusuru mji kwa muda wa karibu miezi sita. Naye Mkuu wao, Philippe Villiers de l'Isle-Adam, akakubali kuutoa kwa masharti, akaondoka na watu wake siku ya kwanza ya mwaka 1523. Hatimaye walipata makao Malta. Waturuki wakakaa karibu miaka 400, na alama zao zingalipo: msikiti wa Suleiman wenye rangi ya waridi, uliojengwa upya mwaka 1808, maktaba ya Hafiz Ahmed Aga ya karne ya 18 yenye misahafu iliyoandikwa kwa mkono, na hamamu. Jamii ndogo ya Waislamu ingalipo kisiwani. Ilisalimika na lile badilishano la watu baina ya Ugiriki na Uturuki la mwaka 1923 kwa sababu Rhodes wakati huo haikuwa chini ya Ugiriki. Kisiwa kilijiunga rasmi na Ugiriki mwaka 1948.

Sehemu nyingine za kisiwa nitazipitia kwa haraka, isipokuwa Lindos. Kameiros ni magofu matulivu ya mji wa kale juu ya mteremko unaotazama bahari ya magharibi. Ni mmoja wa miji mitatu iliyoungana mwaka 408 K.K. kuuasisi mji wa Rhodes, na apendaye upweke aende huko. Lindos ni mwingine katika hiyo mitatu, na huko hakuna upweke. Ni kijiji cha nyumba nyeupe chini ya mwamba wenye kimo cha mita 116, na juu ya mwamba lipo hekalu la Athena. Punda hupanga foleni wakisubiri kuwapandisha watalii. Nilipanda kwa miguu, si kwa ushujaa bali kwa kuwahurumia wale wanyama katika jua la Julai.

Karibu na mwanzo wa ngazi za mwisho ipo kazi ambayo ningekwenda tena Lindos kwa ajili yake peke yake. Ni tezi la merikebu ya vita, lililochongwa katika mwamba wenyewe mnamo karne ya pili K.K., likiwa jukwaa la sanamu ya mtu mmoja mashuhuri wa mji huo. Sanamu imekwisha toweka. Tezi limebaki, na mtu wa pwani akilitazama ataona mara moja kwamba mchongaji alikuwa mtu aliyezijua merikebu, si aliyesimuliwa. Chini, upande wa kusini, iko hori ndogo ya maji ya samawati ambayo wenyeji huiita kwa jina la Mtakatifu Paulo. Kwamba mtume huyo alitia nanga hori hiyo ni mapokeo tu. Lakini kwamba alipita katika kisiwa hiki akielekea Yerusalemu imeandikwa katika Matendo ya Mitume, mlango wa 21, ambamo Biblia yetu ya Kiswahili inakiita Rodo.

Katika safari ya kurudi mjini mtu huona vilima ambavyo havijasahau Julai ya mwaka 2023, ule mwezi ambao moto wa msitu uliwalazimisha watu wapatao 19,000, wageni na wenyeji, kuhamishwa kutoka sehemu za kusini na mashariki, wengine kwa mashua kutoka ufukweni. Watalii walirudi upesi. Misonobari haina haraka hiyo.

Tulifika mjini saa kumi na moja jioni, wakati abiria wa meli kubwa za kitalii wanapokimbilia melini. Huo ndio wakati wa kwenda upande wa mashariki wa Mji Mkongwe. Humo umo uwanja wenye chemchemi iliyopambwa kwa farasi wa baharini wa shaba, na pembeni, chini ya miti, pamesimama jiwe jeusi lenye pande sita na maandishi ya lugha mbalimbali. Jina la uwanja ni Uwanja wa Mashahidi wa Kiyahudi. Katika saa moja niliyokaa hapo nikinywa kahawa, nilihesabu watu zaidi ya arubaini waliopiga picha kando ya farasi wa baharini. Waliolisogelea jiwe walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa akitafuta mahali pa kukaa afunge kamba ya kiatu.

Mitaa inayouzunguka uwanja huo ilikuwa ya Wayahudi. Walikuwapo Rhodes tangu zamani za kale, na baada ya mwaka 1492, walipofukuzwa Hispania, wengi zaidi walifika na kuleta lugha yao, Kihispania cha kale kiitwacho Ladino, wakaendelea kukizungumza hapa kwa muda wa zaidi ya miaka 400. Sinagogi yao ya Kahal Shalom, yenye tarehe ya mwaka 1577, ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika bado katika Ugiriki. Katika miaka ya 1920 walikuwa watu wapatao 4,000.

Sasa na turudi kwenye ile miaka ya kasri. Mwaka 1938, wakati waashi walipokuwa wakipanga mawe mapya yaonekane ya kale, serikali ile ile ilitangaza sheria zake za ubaguzi wa kizazi. Watoto wa Kiyahudi walitolewa katika shule za serikali. Wale waliofika katika himaya ya Italia baada ya Januari 1919 walinyang'anywa uraia na kuamriwa waondoke. Hapana shaka mgeni hawezi kuyasoma hayo katika kuta za kasri. Kuta nzuri hazisemi ni nani aliyekuwa akifukuzwa zilipokuwa zikipanda.

Wenye uwezo waliondoka, na hapa ndipo kisiwa hiki kinapotugusa sisi tusomao Kiswahili. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 vijana wa Rhodes walikuwa wamekwisha anza kuja Afrika kutafuta maisha: Rhodesia ya wakati huo, na hasa Kongo ya Wabelgiji. Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ulikuwa mji wao. Walifungua maduka ya nguo na vyakula, walijenga sinagogi, wakaitana mmoja baada ya mwingine, kaka akimleta mdogo wake, mjomba akimleta mpwa. Pengine katika miaka hiyo Ladino cha Rhodes kilisikika sebuleni Katanga, na Kiswahili cha Katanga kikasikika kaunta ya mbele, katika nyumba moja. Wale waliopata jamaa wa kuwaita Afrika mnamo mwaka 1938 waliokolewa na barua ya jamaa huyo, ingawa wakati huo walidhani wanafuata duka.

Waliobaki walikutwa na Wajerumani, waliokitwaa kisiwa Septemba 1943. Julai 1944 wanaume waliamriwa wajitokeze na vyeti vyao. Siku iliyofuata wanawake na watoto waliamriwa wawafuate pamoja na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai walitembezwa hadi bandarini, wakapakiwa katika mashua za mizigo. Walikuwa zaidi ya 1,600. Safari ya bahari hadi Piraeus, kisha ya garimoshi, iliwafikisha Auschwitz tarehe 16 Agosti. Vita ilikuwa imekwisha geuka. Warusi walikuwa Poland, na majeshi ya Marekani na Uingereza yalikuwa Ufaransa. Hata hivyo zilipatikana mashua, yakapatikana mabehewa. Walionusurika ni kama 150.

Kabla mashua hazijaondoka mtu mmoja aliingia makao makuu ya Wajerumani kudai watu. Alikuwa balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, mwenye umri wa miaka 30. Alidai raia wa nchi yake waachiliwe, akadai pia wake na waume zao, akisema kwamba kwa sheria ya Uturuki nao ni raia. Sheria hiyo haikuwapo. Aliitunga pale pale, na watu zaidi ya arubaini wakatoka. Mwaka 1989 Israel ilimtambua rasmi kuwa miongoni mwa wenye haki wa mataifa.

Waliorudi kutoka kambini hawakukuta nyumba. Baadhi yao walivuka kwenda kwa ndugu zao Kongo. Sami Modiano, aliyezaliwa Rhodes mwaka 1930, akafukuzwa shule akiwa na miaka minane na kusafirishwa akiwa na miaka 14 pamoja na babake na dadake ambao hawakurudi, alikuwa mmojawapo. Aliishi Kongo kwa miaka mingi kabla ya kurejea Italia. Jamii ya Lubumbashi nayo ikatawanyika baada ya uhuru wa mwaka 1960, na zaidi baada ya mwaka 1973, wakati serikali ya Zaire ilipotaifisha biashara za wageni. Wengi walielekea Brussels na Cape Town. Lakini si majina yote yaliyoondoka. Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyekimbilia Katanga na kufanya biashara ya samaki kando ya Ziwa Mweru, ndiye baba wa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga kuanzia mwaka 2007 hadi 2015, na mgombea wa urais wa Kongo mwaka 2023.

Katika Kahal Shalom lipo bao la marumaru lenye majina ya koo zilizokwisha. Soriano limo. Kwa miaka mingi Sami Modiano alikuwa akirudi kila kiangazi na kukaa mlangoni, akiwapokea wageni na kuwasimulia, kwa lugha yoyote ambayo mgeni angeweza kuielewa.

Kutoka Mandraki ni mwendo wa dakika kama kumi na tano kwa miguu: unaingia mjini kwa lango la bandari, unapita uwanja wa farasi wa baharini, kisha unashika mtaa wa Dossiadou. Hufungwa siku ya Jumamosi.